Nimerudi kutoka Beni na siwaoni tena watu kama zamani

Shikamoo Mama,

Mimi ni askari, koplo, umri wangu miaka 27. Nakuandikia kwa sababu mchumba wangu husoma safu yako, na aliwahi kuniambia kwamba ulikuwa muuguzi kwa miaka mingi, kwa hiyo huwa hushtuki ovyo. Yeye hajui kwamba nimekuandikia.

Nimelelewa na babu huko Mbinga. Babu alipigana vita vya Kagera, vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin. Medali yake imetundikwa sebuleni, na tangu nikiwa darasa la tatu kazi ya kupanda kwenye kiti na kuifuta vumbi ilikuwa yangu. Sikuwahi kutaka kazi nyingine. Nilipomaliza kidato cha sita nikapitia JKT, nikachaguliwa jeshini, na siku ya kumaliza ukuruti nililia kwenye gwaride, machozi ya furaha. Nilipoambiwa nimo kwenye orodha ya kwenda misheni Kongo, niliwanunulia wenzangu soda kambi nzima. Nilikuwa naamini jambo moja tu, Mama: kwamba palipo na askari mwenye nidhamu, raia analala usingizi.

Tulipelekwa upande wa Beni. Huko kuna mashamba ya kakao, misitu minene, na siku ambayo mawingu yametawanyika unauona mlima Ruwenzori. Kilichonigusa zaidi ni lugha. Walinda amani wa mataifa mengine walikuwa wanahitaji mkalimani hata kununua ndizi. Sisi hatukumhitaji. Kina mama waliotuuzia ndizi na makayabo, wale samaki wakavu wa chumvi, getini walituita "batoto yetu", na mimi nikajisikia niko nyumbani kuliko hata nilipokuwa nyumbani.

Usiku mmoja ikaja taarifa kwamba waasi wameingia kijiji fulani. Sitakitaja. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara yote tope, gari la mbele likanasa. Tukangoja amri, tukasogea, tukangoja tena. Tulifika asubuhi. Walitumia mapanga. Sitaandika nilichokiona, nitaandika nilichokisikia. Kulikuwa na mama amekaa chini, ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha kama mtu anayechambua mboga. Akanitazama usoni, akaniuliza kwa sauti ya chini, bila kulia: "Mulikuwaka wapi?"

Laiti ningekuwa siielewi lugha yake.

Sasa ni mwezi wa tisa tangu nirudi. Usiku nalala kwa saa mbili au tatu tu, kisha naamka nimelowa jasho. Bodaboda ikipiga mlio wa injini najikuta nimeinama kabla sijafikiri. Nakunywa bia nne ndipo nasinzia, zamani nilikuwa sinywi. Lakini hayo siyo yanayoniogopesha. Linaloniogopesha ni jinsi ninavyowaona watu. Nakaa baa, watu wazima wanataka kupigana kwa sababu ya penalti ya Simba na Yanga, nami niliyekuwa Yanga damu nawatazama kama watoto wasiojua wanachezea wapi. Kamati ya harusi yangu imeunda kundi la WhatsApp, wakabishana siku tatu juu ya rangi ya vitambaa vya ukumbi. Nikajitoa. Baba mdogo, ambaye ndiye mwenyekiti, amekasirika hadi leo, anasema pesa za misheni zimenipa kiburi. Ndugu wengine wanaulizia tu kiwanja nimenunua wapi. Rafiki yangu mmoja alinicheka: "Ninyi mlikwenda kulinda amani bwana, si vitani."

Mchumba wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Ni mpole, hanilazimishi kusema. Nikimtazama anasahihisha madaftari nasikia kama kuna kioo kati yetu. Harusi ni Desemba. Nataka kuiahirisha. Wakati mwingine nataka kuacha jeshi, na wakati mwingine nataka kuomba kurudishwa Kongo hata kesho, maana kule angalau kila mtu anajua nini ni jambo na nini si jambo.

Mtu pekee ambaye hajaniuliza kitu ni babu. Usiku wa kwanza niliporudi Mbinga alikuja chumbani kwangu na tochi, akakihamisha kitanda, akakigeuza kikaelekea mlango. Kisha akaniambia "haya, lala," akaondoka.

Je, nina wazimu? Na je, nitarudi kuwa yule niliyekuwa?

Koplo, Songea

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimekaa nayo siku sita. Nilianza kujibu mara mbili nikafuta, kwa sababu nilikuwa najibu upesi mno. Nitajibu swali la wazimu kwanza, maana ni jepesi: huna. Lile la pili, kama utarudi kuwa yule wa zamani, ndilo litakalochukua nafasi yote iliyobaki, na jibu lake hutalipenda mwanzoni.

Kabla ya yote, rafiki yako aliyekucheka. Kikosi mlichokwenda kujiunga nacho, cha Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, kiliundwa kwa Azimio namba 2098 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwezi Machi 2013, na kazi yake iliandikwa waziwazi kuwa ni kuwafuata waasi na kuwashambulia. Mwaka ule ule kilipigana na waasi wa M23 nje ya Goma, na ofisa wetu akafia huko. Tarehe 7 Desemba 2017, pale Semuliki, kwenye barabara ya Mbau kwenda Kamango, waasi wa ADF, kundi lenye asili ya Uganda, walivamia kambi jioni na askari wetu wasiopungua 14 wakauawa siku moja. Ulipokuwa unapita njia zile ulijua hayo, na kila aliyekuwa ndani ya gari alijua. Mwenye kuiita hiyo si vita hajakaa akafikiri. Ulikuwa vitani. Naliandika kwa herufi ili uweze kumwonyesha mtu.

Sasa nikueleze habari ya kaka yangu.

Mimi ni mzaliwa wa Muleba. Jeshi la Amin lilipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978 nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi. Daraja la Kyaka likavunjwa, watu wakashuka kusini na mbuzi na magodoro kichwani. Kaka yangu alikuwa mgambo, miaka 22, fundi baiskeli. Alikwenda akiimba. Aliingia Uganda, akapita Mutukula, akapita Masaka, alikuwa Lukaya mwezi Machi 1979, na tarehe 11 Aprili Kampala ilipoanguka alikuwa miongoni mwa walioingia. Alirudi nyumbani mwaka unakaribia kwisha, wakati ule Mwalimu Nyerere ametuambia tujifunge mkanda miezi 18, sabuni hakuna, sukari kwa foleni. Tulimpokea kwa ngoma. Alikaa kwenye ngoma ile robo saa, akaenda kujifungia nyuma ya nyumba kwenye migomba.

Tangu hapo hakuvaa tena viatu vya kamba. Alivaa makatambuga, yale ya tairi, shambani, kanisani, kila mahali. Siku ya harusi yake alivaa makatambuga na suti ya kuazima. Watu wakasema ni umaskini, wengine wakasema amelogwa, na mama akampeleka kwa mganga kule Nshamba. Nami, muuguzi mzima mwenye cheti, sikuwa na lolote la kusema, kwa sababu shuleni walitufundisha kufunga vidonda tu. Aliacha kucheka. Watoto wakilia kwa kugombea embe aliwatazama kwa macho ambayo siwezi kuyasahau. Hayakuwa macho ya hasira. Yalikuwa ya mtu anayewatazama wageni.

Kwa hiyo ulipoandika kuhusu penalti na vitambaa, mwanangu, niliyajua macho hayo.

Ilichukua miaka mingi. Siku moja, kwenye mizani ya kahawa ya chama cha msingi, alikutana na mtu waliyekuwa naye Lukaya. Waliacha magunia yao kwenye foleni, wakakaa chini ya mti hadi jua likazama. Aliporudi alinieleza kwa mara ya kwanza. Usiku wa Lukaya walipambana na Walibya waliokuja kumsaidia Amin, na asubuhi akapita kati ya maiti. Mmoja alikuwa kijana wa umri wake. Viatu vyake vilikuwa vipya, kamba zimefungwa vizuri, fundo la mara mbili, kama mtu aliyejiandaa kwenda msikitini. Kaka aliniambia: "Alifunga kamba zile mwenyewe, jioni yake." Hilo tu. Miaka yote ile alikuwa amebeba fundo la kamba.

Baada ya siku ile alianza kulala usiku. Si kila usiku, lakini alilala. Ila viatu vya kamba hakuvaa hadi anafariki, na nilikoma kumsihi, kwa sababu nilielewa kwamba makatambuga yale hayakuwa ugonjwa. Yalikuwa heshima yake kwa mtu asiyemjua.

Nimekueleza haya kwa sababu ndani yako yamechanganyika mambo mawili, nawe unataka yaondoke yote kwa pamoja. Moja ni jeraha. Lingine ni maarifa. Jeraha linatibika na lazima litibiwe. Maarifa hayatibiki, na akitokea mtu wa kukuahidi kuyaondoa, mkimbie.

Jeraha ni hili: kuamka na jasho, kuinama bodaboda ikilia, bia nne. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mwili wako umeumwa vizuri. Wewe ni askari, nikuambie kwa lugha ya kambini. Ndani ya kichwa kuna mlinzi aliyewekwa lindo usiku ule, na hakuna aliyekwenda kumpokea zamu. Amesimama miezi tisa. Hajalala, hajala, anafyatua kwa kila jani linalotikisika. Si adui yako huyo, alikulinda ukarudi mzima. Anahitaji mtu mwenye mamlaka aende kumwambia zamu yake imekwisha. Madaktari wanakiita kiwewe, na dalili zikipita mwezi mmoja bila kupungua hawasubiri tena zipite zenyewe. Wewe una miezi tisa.

Nenda kwa daktari wa kikosi. Najua unachofikiri: faili, cheo, wenzako watasema nini. Nimewahudumia askari, najua wanavyojificha, wanakuja na "kichwa kinauma" na "tumbo". Basi kama ni lazima, anza na usingizi. Sema: "Daktari, silali tangu nirudi Kongo, na kuna mambo nayaota." Sentensi hiyo inatosha, daktari mwenye kazi yake ataendelea mwenyewe. Hospitali ya jeshi ya Lugalo wapo wanaoshughulika na maradhi ya akili, na hospitali za rufaa za mikoa nazo zina vitengo. Ukienda mahali pa kwanza ukapewa vidonge viwili vya usingizi na kuambiwa ukaze moyo, usikae. Nenda mahali pa pili.

Bia uache, na sisemi kama mama wa kanisani. Pombe inakuangusha usingizini kwa saa moja, kisha inakuamsha saa nane usiku na ndoto mbaya zaidi ya ile ya jana. Vidonge vya duka la dawa la mtaani navyo usiviguse.

Tiba yenyewe ni ya kuzungumza, lakini si mazungumzo ya kupiga soga. Nikupe mfano ninaoupenda kwa sababu umefanyika jirani kabisa. Katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, Wanyarwanda na Wasomali waliopita kwenye mauaji walitibiwa kwa njia ya kusimulia maisha yao yote, kwa mpangilio, na wengi wa waliowasaidia walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa kazi hiyo. Katika tiba hiyo mtu hutandaza kamba sakafuni, tangu siku aliyozaliwa. Panapokuwa na jambo jema anaweka ua. Panapokuwa na baya anaweka jiwe. Kisha wanasimulia jiwe moja moja, polepole, kilichoonekana, kilichosikika, mkono ulikuwa wapi, hadi jiwe lile likae mahali pake kwenye kamba, siku yake na mwaka wake, liache kuruka kila usiku na kuja kitandani. Nilipoiona mara ya kwanza nililia, kwa sababu nilikumbuka magunia ya kahawa kwenye foleni. Kaka yangu alifanya jambo lile lile bila kamba wala maua, akiwa amechelewa kwa miaka mingi.

Kabla sijaendelea, swali moja, na nakuuliza waziwazi kwa sababu kuuliza hakumpi mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Je, umewahi kufikiri kujiua? Kama jibu ni ndiyo, hata mara moja, hata kwa kupitapita tu, barua hii iweke chini uende leo. Usilale peke yako. Omba usipangwe lindo la silaha mpaka umeonwa. Mwambie mchumba wako au mwambie babu. Hilo halingoji miadi.

Sasa tuje kwa yule mama.

Sitakuambia "si kosa lako". Nina hakika umeshaambiwa, na umemchukia aliyekuambia, kwa sababu hakuwepo. Nataka tu utazame neno alilotumia. Hakusema "ulikuwaka wapi". Alisema "mulikuwaka". Aliuliza kwa wingi, mwanangu, nawe umelibeba kwa umoja miezi tisa.

Katika wingi ule kuna watu wengi. Kuna serikali yake, ambayo raia wa Beni wamekuwa wakiiuliza swali hilo hilo tangu mauaji yalipoanza Oktoba 2014. Kuna Umoja wa Mataifa na miaka yake mingi Kongo. Kuna waliochonga panga na walioagiza. Kuna sisi majirani, tunaosikia habari za Beni redioni na kubadilisha stesheni kutafuta muziki. Kuna barabara ambayo hakuna aliyeitengeneza. Na ndiyo, mle ndani upo na wewe, koplo kwenye gari la pili au la tatu, unayengoja amri kwenye tope. Fungu lako lipo. Sikutoi. Lakini chukua kalamu uandike fungu lako ni lipi hasa: ulichoweza kufanya usiku ule na hukukifanya. Andika kwa haki, kama unayemwandikia ripoti askari mwingine. Nadhani utamaliza kwenye mistari michache. Inayobaki siyo hatia. Ni huzuni, na huzuni ina haki ya kuliliwa, wakati hatia inakwenda ikimla mtu kimyakimya.

Umesema laiti usingeielewa lugha yake. Hapo sikubaliani nawe. Maisha yake yote yule mama ameona magari yakipita yenye watu ambao angewaambia lolote wasimwelewe. Asubuhi ile alisema neno moja, na kwa mara moja likafika. Najua limekuumiza. Ila lilifika kwa mtu.

Haya, maarifa. Sasa unajua kwamba nidhamu na bunduki havitoshi kumfanya raia alale. Babu zetu walioitwa keya, askari Waafrika wa jeshi la mkoloni Mwingereza, walijifunza mambo ya namna hiyo katika vita vya pili vya dunia. Waliambiwa wanapigania uhuru, wakarudi Afrika Mashariki wakakuta kipande kile kile na kodi ile ile. Bildad Kaggia alirudi Kenya kutoka vitani haamini tena aliyoyaamini, si kanisani wala kwa mkoloni, na macho yale mapya akayapeleka kwenye vyama vya wafanyakazi, akafungwa pamoja na Jomo Kenyatta na wenzao walioshtakiwa Kapenguria, na baada ya uhuru akapoteza cheo serikalini kwa sababu hakuacha kudai ardhi kwa wasio nayo. Waruhiu Itote alikuwa koplo kama wewe, Burma, kisha akawa Jenerali China wa Mau Mau. Sikuambii uige siasa za mtu. Nakuonyesha kwamba watu hawa hawakurudi kuwa wale wa zamani, na kurudi hakukuwa kazi yao.

Ila kuna njia panda hapo, na ndipo ninapokuogopea kuliko kwenye ndoto. Macho mapya yanaweza kwenda kwenye huruma au yanaweza kwenda kwenye dharau. Barua yako ina dharau, mwanangu. Umewaita watu watoto. Umesema kule angalau kila mtu anajua nini ni jambo. Mimi nakuuliza: kina mama wa getini walikuwa wanazungumza nini siku ambazo hakuna kilichotokea? Walibishana bei ya makayabo. Walisengenya. Walicheka. Walikuwa na harusi na rangi za vitambaa. Kile ulichokwenda kukilinda ndicho hicho hicho kinachokuchefua sasa hapa Songea. Watu kugombea penalti hadi usiku wa manane, kisha kila mmoja akatembea peke yake hadi kwake bila kuogopa, ndiko kulala usingizi ulikokuamini. Yule mama angetoa chochote abishane tena na mtu juu ya kitambaa.

Kwa baba mdogo andika ujumbe mmoja mfupi, usijieleze sana: "Shikamoo baba. Nilijitoa kwenye kundi kwa sababu nimerudi na afya si nzuri, silali. Si kiburi. Naomba uendelee kuniongozea kamati, mengine nitakueleza uso kwa uso." Mzee anayeheshimiwa hivyo hupoa. Habari za kiwanja usimjibu mtu yeyote.

Kuhusu harusi, jeshi na kurudi Kongo: usiamue hata kimoja kati ya vitatu hivyo wakati unalala kwa saa mbili tu. Mtu asiyelala haamui, anakimbia tu. Harusi ikisogezwa miezi mitatu kwa sababu bwana harusi anatibiwa, hiyo si aibu, na ikifanyika Desemba kwa watu thelathini badala ya mia tatu, nayo ni harusi. Lakini uamuzi huo uufanye pamoja na yeye, si juu yake. Umeandika kwamba kuna kioo kati yenu. Kioo hicho amekiona muda mrefu. Anafikiri amekukosea kitu, au kuna mwanamke mwingine. Sisi wanawake ndivyo tunavyofikiri mtu akinyamaza. Usimpe picha za kule, hana pa kuziweka na wewe utajuta. Mpe habari. Mwambie tulichelewa, watu walikufa, mama mmoja aliniuliza swali na bado silijibu. Mwambie naenda kwa daktari Jumatatu. Mwambie pia nini afanye ukiamka usiku, kwamba asikushike kwa ghafla, akuite jina kwanza, awashe taa. Wenza wengi wameumizwa kwa kutojua jambo dogo kama hilo.

Na babu.

Umeandika habari za kitanda kama jambo la mwisho la kupitishia barua. Mimi ndipo niliposimama kusoma. Kitanda kinageuzwa kielekee mlango na mtu ambaye anajua kwamba aliyerudi hawezi kulala bila kuuona mlango. Hakuna anayejua hilo kwa kusikia. Umefuta vumbi medali ile tangu darasa la tatu, na nadhani hujawahi kumuuliza ilimgharimu nini. Yeye pia hajasema, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwambia ambaye angeelewa. Sasa anaye.

Omba ruhusa wikiendi moja uende Mbinga. Mpelekee sukari. Usianze kwa kumuuliza maswali, wazee wale ukiwauliza wanakupa hotuba ya gwaride. Anza wewe: mwambie kuhusu tope, gari lililonasa, na yule mama. Akinyamaza mwache anyamaze. Kisha ndipo umuulize mwaka 1979, aliporudi, kitanda chake nani alikigeuza.